Mizani Haina Shemeji

Kwenye ghala la nafaka alikofanya kazi miaka kumi na tisa, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mizani, na jina hilo alilistahili, maana hajapata kumpunja mtu wala kumpendelea. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, alihakikisha mshale umelala kwenye sifuri, kisha akapandisha jiwe la chuma la kilo ishirini aone kama mizani imeamka na akili zake. Wenye magari walimjaribu kwa soda, kwa utani, mmoja hata kwa kudai kuwa wao ni ndugu. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mizani haina shemeji."

Kisha goti la kulia likamsaliti. Lilikuwa limelalamika siku nyingi na yeye akajifanya hasikii, mpaka asubuhi moja likagoma kabisa kupanda ngazi tatu za jukwaa la mizani. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akarudishwa nyumbani na magongo mawili na amri ya kupumzika.

Kupumzika huko ndiko kulikomponza. Mgonjwa haulizwi uji, na yeye kweli hakuulizwa. Dada zake walileta masufuria, majirani wakaleta masufuria, na kila mmoja alikaa pale pale mpaka aone sahani imetakata. Mtu ambaye alizoea kusimama kutwa sasa alikaa kutwa. Miezi mitatu ilipopita alikuwa ameongeza kilo kumi na tano, na hakuhitaji kuambiwa. Mkono wake mwenyewe ulikuwa mizani. Mtaalamu wa viungo alipompa kifuko cha mchanga cha kufungia mguuni, akisema ni kilo mbili, alikiinua mara moja akamrudishia. "Hii moja na robo tatu, mwanangu." Kikapimwa, ikawa hivyo hivyo, naye akaenda nacho nyumbani.

Lakini ujuzi huo huo ndio uliomtesa, kwa kuwa kila alipogeuka kitandani alijua ni mzigo wa kiasi gani uliogeuka.

Siku moja aliinuka kutoka kwenye kiti cha plastiki, na kiti kikainuka naye. Mikono ya kiti ilikuwa imembana kiunoni. Mume wake, fundi seremala, mtu wa maneno machache, akacheka, kisha akaona uso wa mkewe, kicheko kikamkauka. Jioni hiyo Mama Mizani hakula, na simu kutoka kazini hakuipokea. Alilala akiutazama ukuta, akijiambia kwamba yule mwanamke wa jukwaani amekwisha na aliyebaki ni huyu wa kuegemezwa kwenye mito.

Kesho yake aliporudi kutoka bafuni alikuta kiti hakipo. Mahali pake palikuwa na benchi jipya la mbao, pana, lisilo na mikono, bado linanukia randa.

"Kile kiti kilikuwa na ufa," mume wake akasema bila kumtazama.

Kiti hakikuwa na ufa wowote, na yeye alijua. Katika maisha yake ya kupima hajapata kuacha uongo ukapita, ila huo aliuacha. Akakaa kwenye benchi, akajifunga kile kifuko cha mchanga, akaanza kuinua mguu. Kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Masufuria ya dada zake sasa yalirudi na shukrani na zaidi ya nusu ya vilivyokuwamo, jambo lililozua manung'uniko ya ukoo mzima.

Daktari alikuwa amesema wazi: goti limepona, ila kwa kazi ya kupanda na kushuka ngazi siku nzima, lazima kwanza ashuke chini ya kilo tisini. Barua ya kumruhusu kurudi kazini aliisaini kabisa akaiweka kwenye faili, ikisubiri tarehe tu. Na kazini nako mkuu wa ghala alikuwa ametuma salamu zenye mwiba. Kuna karani anayemshikia nafasi, wenye magari wanampenda sana, na barua isipofika kabla ya mwisho wa mwezi nafasi itakuwa yake. Mama Mizani alijua kwa nini wenye magari wanampenda sana.

Zikiwa zimebaki siku kumi na nane alikwenda kliniki. Siri yake, ambayo hata mume wake hakuijua, ni kwamba tangu apasuliwe alikuwa akipanda mizani ya pale amefumba macho. Mtu wa kutazama sifuri miaka kumi na tisa! Alifumba siku hiyo pia.

"Themanini na tisa," muuguzi akasema, akachekelea. "Hongera mama. Ngoja nikuwekee tarehe kwenye barua."

Moyo ulimruka kwa furaha. Akafumbua macho, akashuka taratibu, na kwa mazoea tu akageuka kuutazama mshale ukirudi. Mshale ulirudi, ukaipita sifuri, ukalala kilo tatu nyuma yake.

Muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika. Foleni ilikuwa imegeuka kutazama pembeni kama foleni zinavyofanya. Hakuna aliyeona ila yeye, na alisimama pale kwa muda ambao baadaye aliona aibu kuutaja.

"Mwanangu, weka kalamu," akasema. "Mizani yako imelala vibaya. Nina tisini na mbili."

"Mama, si tuache tu? Kilo mbili si kitu, na kazi unaihitaji."

"Mizani haina shemeji. Hata mimi si shemeji yake."

Muuguzi akakaza skrubu mpaka mshale ukakaa sawa, akampima tena, macho wazi safari hii. Tisini na mbili. Barua ikarudi kwenye faili. Mama mmoja aliyekuwa amepimwa kabla yake, akafurahi mno, alimtupia jicho ambalo lingekausha nguo.

Alilia njiani, sitaficha. Alililia barua, alililia jukwaa lake. Lakini alilia akitembea, gongo moja tu mkononi, na alipofika nyumbani alimweleza mume wake yote, hata yale ya kufumba macho. Mume akasikiliza, akasema, "Sasa ndiyo umerudi." Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hupunguzwa hivyo hivyo. Siku moja kabla ya mwezi kuisha aliipata barua, kwa kilo themanini na tisa na nusu.

Kesho yake alizipanda zile ngazi tatu moja moja, makuli wote wakitazama. Akaangalia sifuri. Akapandisha jiwe la kilo ishirini, akalishusha. Kisha, jambo ambalo hajapata kulifanya mbele ya watu, akapanda yeye.

Makuli wakashusha macho. Hata Nyundo, msimamizi wao, ambaye ulimi wake haujui likizo, alitazama viatu vyake.

"Themanini na tisa na nusu," Mama Mizani akasoma kwa sauti ya kazini. Akashuka, akashika kalamu. "Yangu imesomwa. Leteni gunia."