Jina Nililompa Fundi

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani kwenye ujenzi wa shule Kidahwe, kijana wa kutoka Mbeya niliyejiona mjanja sana. Kibarua mmoja aliacha kazi bila kuaga, akaenda kuvua dagaa Kagunga. Sikulifuta jina lake kwenye daftari la vibarua. Kulikuwa na fundi Mrundi aliyetoka kambini bila kibali, na hakuna aliyejenga ukuta ulionyooka kama yeye. Basi nikamwambia asubuhi nikiita jina la yule mvuvi, aitike yeye. Vibarua wote walijua, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi wa pili mti wa jukwaa ulikatika, fundi akaanguka na kuvunjika mguu juu ya goti. Tulimpakia kwenye lori la mchanga, nikampakata kichwa mpaka hospitali, Kigoma mjini. Daktari akasema mambo ya kupanda majukwaa basi tena.

Nilikwenda ofisi ya kazi, nikijifanya namuulizia jirani. Mama aliyekuwa mezani hakuwa na papara.

"Mkimbizi au mwenyeji, kama kaumia kazini anaweza kudai fidia," alisema. "Ila adai kwa jina lake. Na huyo aliyeandika jina la uongo alete barua, aeleze."

Nilirudi wodini nikamweleza fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nta kibazo, karani," alisema. "Hakuna shida. Watakufukuza, na wewe una mama anakutegemea."

Nilimwambia barua nitaandika. Siku tatu niliandika na kuchana. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa na polisi; karani mzima nikashindwa na mistari mitano. Siku ya nne niliimaliza, nikaipeleka hospitali fundi aisikie kwanza.

Kitanda kilikuwa kitupu. Nesi aliniambia fundi alitaja jina lake halisi jana yake, na gari la kambi likaja kumchukua.

"Nahitaji maelezo ya ajali," nikasema. "Ni ya fidia."

"Fidia gani, kaka?" Alifungua faili. "Mwenyewe kaandikisha alianguka kwenye mchikichi, akikata chikichi."

Fundi yule hakuwahi kupanda mchikichi. Nilifurahi, nasema kweli, na furaha ile inanitia aibu hadi leo. Nilimshukuru nesi, nikaondoka na barua yangu mfukoni.