Taa Iliyojibu

Leo kazini, kwenye darubini ambayo nimezeeka nayo nikitafuta uhai katika sayari nyingine, nimesikia harufu ya mafuta ya taa. Nikajiona tena mtoto ufukweni mwa ziwa, Busisi, mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, nikichota maji na shangazi. Giza lilikuwa linaingia. Kwa sababu ya msiba kijijini, hakuna mvuvi aliyeingia ziwani, lakini mbali majini iliwaka taa moja.

Niliinua koroboi yetu juu, nikaishusha. Ile taa nayo ikapanda, ikashuka.

“Shangazi, wananijibu!”

“Nani hao? Mitumbwi yote si hii hapa mchangani?”

Akaipuliza koroboi, ikazimika. Ziwani taa iliendelea kupanda na kushuka, polepole, kama inayouliza nimekwenda wapi.