Konzi la Masalu

Masalu wa Sapiwi hakuumbwa na mkono wa kupimia. Akikukaribisha ugali, utadhani mmealikwa kumi. Akitia chumvi kwenye mboga, nyumba nzima inashinda mtungini. Watu walimpenda hivyo hivyo, na mkewe Milembe alimpenda kuliko wote, ila chumvi aliificha.

Mwaka huo moyo wa Masalu ulikuwa shambani. Misimu miwili pamba yake ya kwenye luseni, ule udongo wa mchanga, ilichanua vizuri kisha ikadondosha maua na vitumba vichanga. Milembe alishasema, tena mara moja tu: vikianguka tena, pale panapandwa choroko. Masalu alirithi pamba kwa baba yake.

Akamwita Gloria, afisa ugani, ambaye kijiji kizima humwita bwana shamba na gauni lake. Gloria akachuma jani, akamwonyesha pete nyeusi kwenye kikonyo. Udongo una njaa ya boroni, akasema. Mvua huiosha upesi mchangani, na ikikosekana ua halishiki tunda. Akampa unga mweupe, ndugu ya boraksi ile wanayoyeyushia dhahabu wachimbaji, na jina la boroni limetokea huko. Kijiko kimoja cha chakula kwa bomba zima la kupulizia, asizidishe.

Gloria alipoondoka, Masalu akaunusa. Haunuki kitu. Dawa ya pamba isiyochoma pua hajapata kuiamini. Akatia konzi zima.

Alishapuliza mistari minne Milembe alipofika na ndoo ya maji, akauona mkono mweupe.

“Baba Harieth, umepima na nini?”

“Na moyo.”

“Moyo wako hauna alama. Lete bomba.”

Akalisuuza, akapima kwa kijiko, akapuliza shamba lililobaki mwenyewe, mumewe nyuma akibeba maji kwa adabu kama bwana harusi.

Wiki mbili baadaye mistari minne ilikuwa imeungua kingo za majani. Mingine yote ilishika vitumba mpaka matawi yakainama.

“Pamba ibaki,” Milembe akasema. “Mistari yako minne naitaka mimi.”

Mvua zilipoiosha dawa iliyozidi, akampa Masalu mbegu za choroko, tatu kila shimo. Masalu akatia saba. Milembe alimwona, akageukia upande wa pamba.