Sanduku Juu ya Paa la Kasyoka

Kwa miaka arobaini na mmoja Kasyoka Nzuki ndiye aliyekuwa na filimbi ya mwethya wetu, huku Kola. Mwethya ni majirani wanaolimiana kwa zamu: leo kwangu, wiki ijayo kwako, mpaka kila shamba liguswe. Nyumba yake iko juu ya kilima, na akisimama mlangoni anaona mapaa yote ishirini na sita ya bonde letu. Siku ya kazi alipuliza filimbi ile ya shaba mara tatu, milio mirefu, na kila nyumba ilimjibu kwa kugonga kipande cha jembe kuukuu kilichoning'inizwa karibu na mlango. Alihesabu majibu. Likikosekana moja alijua ni la nani, na njiani alipitia huko kuuliza kama kuna mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyomkuta mume wa Loise ndani ya shimo la choo alilokuwa akichimba, udongo umemfunika mpaka kifuani. Mtu yule aliishi miaka kumi na minane zaidi kwa sababu mlio mmoja ulikosekana.

Vile vipande vya jembe vimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Changu pia.

Mwendwa, binti ya Loise, alisomea kompyuta na sasa anaishi Mlolongo. Mwezi wa sita, baada ya mavuno, alikuja na masanduku matatu meupe, kila moja ukubwa wa mkebe wa biskuti. Alitukusanya kanisani akatueleza kwamba hatutahitaji bando wala mtandao wa nje. Simu zetu zitazungumza zenyewe kwa zenyewe, humu humu bondeni, kupitia masanduku hayo na programu aliyoitengeneza mwenyewe. Sanduku moja lingekaa kanisani, la pili dukani kwa Nuradin. La tatu, lenye nguvu kuliko yote, lilitaka mahali pa juu.

"Susu," alimwambia Kasyoka, kama tunavyowaita bibi zetu, "paa lako ndilo linaona kila mtu."

"Na litakuwa linakula nini huko juu?"

"Litakula sola yako, kidogo tu."

"Basi lipande. Hata kuku hupanda huko na hawaniulizi."

Tulicheka. Kisha Loise, mwenyekiti wetu, akasimama akasoma sheria mpya: kuanzia siku ile mwito wa simu ndio mwito, na ambaye siku yake itapita bila kuita atangoja mzunguko mwingine. "Tumechoka kuambiwa upepo ulikuwa mkali, sikusikia," alisema. Tulipiga kura kwa mikono. Kasyoka aliinua wake. Na mimi niliinua wangu, kwa sababu wote walikuwa wameinua.

Simu yake ililetwa na mwanawe Kyalo, anayevunja mawe kwenye machimbo ya Mlolongo. Alikuja Jumapili moja, akaitia ile programu, akanywa chai, akaondoka. Alipokuwa langoni alimwachia onyo: "Mama, siku hizi kuna matapeli. Simu ikikuuliza kitu hukielewi, kataa."

Jioni ile Kasyoka aliifungua programu kwa mara ya kwanza. Kusoma alijifunza ngumbaru, akiwa tayari na watoto wanne, na alisoma kama anavyochambua maharagwe, neno kwa neno. Simu ilimuuliza kama anairuhusu programu hii itafute vifaa vilivyo karibu na kuunganishwa navyo. Chini yake palikuwa na majibu mawili: Ruhusu, Usiruhusu.

Baadaye nilimuuliza alifikiri nini. Aliniambia hivi: "Walio karibu nami ni nyinyi. Nikajiuliza, huyu ni nani anataka kuzunguka nyumba za majirani akichungulia, kwa jina langu, na hata hajapiga hodi? Sikukubali awasumbue."

Alibonyeza Usiruhusu. Alifanya hivyo kwa heshima yetu.

Kutoka siku ile simu yake ilikuwa bubu na kiziwi, na hakuna aliyejua, hata yeye. Maana kila siku ya kazi aliona kutoka mlangoni watu wakishuka na majembe, naye akashuka na lake. Hakukosa shamba hata moja. Lile la jirani yetu Mulwa alilichimba akiwa na homa. Sisi tulidhani anapata miito kama wenzake, naye alidhani simu itasema neno siku itakapokuwa na neno la kumwambia.

Zamu yake ilifika katikati ya Oktoba. Kila mtu alijua anangojea nini. Mvua za Aprili zilikuwa zimekata tuta la tatu la shamba lake, na pengo lilikuwa pana kuliko mlango wa kanisa. Kama lisingezibwa kabla ya mvua ya Novemba, maji yangepita hapo na kushuka na shamba. Mikono ishirini na sita ingemaliza kazi hiyo kabla ya saa sita mchana. Mama mmoja wa miaka sabini na tatu angehitaji msimu mzima.

Jumatatu aliandika mwito wake: Alhamisi, saa moja asubuhi, tuta la tatu, kwa Kasyoka. Akaubonyeza uende. Jumatano aliloweka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, akapika pamoja na maharagwe sufuria mbili kubwa. Alhamisi saa moja hakuja mtu. Saa mbili hakuja mtu. Ndipo alipoingia ndani, akaitoa filimbi kwenye kopo la majani ya chai, akasimama mlangoni.

Milio mitatu mirefu. Akangoja. Mingine mitatu.

Mimi nilikuwa nakunywa uji. Niliweka kikombe chini na kuitazama simu. Haikuwa na kitu.

"Baba, si uendelee na uji," mke wa mwanangu, Ndanu, aliniambia. "Hakuna kitu kwa simu. Labda anaita mbuzi."

Ningeweza kusema kwamba goti langu lilikuwa linauma, na ni kweli lilikuwa linauma. Niliendelea na uji.

Wa kwanza kufika kwake alikuwa Loise, karibu saa sita, na alikuwa akipita tu kwenda sokoni. Alikuta sufuria mbili zimefunikwa, sahani zimepangwa juu ya meza, na Kasyoka yuko chini kwenye pengo, peke yake, akichimba udongo wa kuzibia, amefika kina cha magoti.

"Wee Kasyoka, kwani leo ni siku yako? Mbona hukuita?"

"Nilipuliza."

"Nilisikia. Lakini haikuwa kwa simu."

Kasyoka alisimamisha jembe. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafikiri ni nani?"

"Nilijua ni wewe," Loise alisema. "Ni nani mwingine ako na filimbi?"

Waliokuwa marafiki tangu wakiwa wasichana wachota maji walitazamana pale, mmoja na jembe, mwingine na kikapu. Kasyoka alimwambia apakue chakula, ale, ampelekee na mjukuu wake. Kisha akarudi kuchimba.

Jumamosi aliipeleka simu dukani kwa Nuradin, anayeuza misumari, sukari na simu kwenye meza moja. Nuradin aliipekua kidogo.

"Mama Kasyoka, umeikataza hii programu isione mtu. Angalia, swichi imezimwa. Mwito wako uko humu humu, kama barua ambayo haikutiwa posta."

Akaigusa swichi. Simu ikaanza kulia mkononi mwake, miito kumi na mitatu ya miezi minne, mmoja baada ya mwingine. Na wakati huo huo simu zetu zote bondeni zikalia. Ulikuwa mwito wa Kasyoka. Alhamisi, saa moja asubuhi. Mtu mmoja alijibu, "Siku imepita."

Kesho yake baada ya ibada tulikutana. Loise alizungumza akitazama kitabu cha sheria. Siku ilikuwa imepita, mzunguko ulikuwa umepangwa, na zamu ya Kasyoka ingerudi mwezi wa nne. Mwendwa alisikika kwa simu iliyowekwa juu ya meza: "Susu, pole sana, lakini mfumo haukukosea. Ni wewe ulikataa."

"Simu ilikuuliza vizuri, nawe ukaifukuza kama tapeli," Mulwa akatia neno, na watu wakacheka.

Kasyoka akamgeukia. "Na filimbi, Mulwa, ilikuuliza nini?"

Niliangalia viatu vyangu. Hakuna aliyependekeza turudie kura, na mimi nilikuwa na mdomo kama wengine.

Alichimba siku kumi na sita. Baada ya aibu kunizidi nilikwenda siku tatu za mwisho, na kazi ya wazee wawili ni kidogo. Mvua ilinyesha tarehe nne Novemba. Ilipita kwenye pengo kama mtu anayeijua njia, ikachukua udongo mweusi, mbegu, na nusu ya tuta la nne. Shamba lililo chini ya la Kasyoka ni la Loise. Mtaro wake ukajaa mpaka juu.

Zamu ya Loise ilikuwa imefika, akaita kwa simu, kama sheria inavyosema. Mwito wake ulipanda hadi kwenye lile sanduku jeupe juu ya paa la Kasyoka, ukala sola ya Kasyoka, ukashuka kwenye kila nyumba. Tulikuja wote. Tulianza kuuzoa ule udongo na kuutupa kando ya barabara.

Kasyoka alitokea na karai kichwani. Hakusalimia mtu. Aliinama penye lundo, akalijaza karai kwa mikono, akapanda nalo kilimani, akalimwaga penye pengo, akashuka tena.

Safari ya tatu Loise alimfuata, akasema kwa sauti ndogo, "Umekuja. Basi siku hizi unaona miito."

"Nimeona udongo wangu," Kasyoka alimjibu.

Akaendelea kujaza. Nilichukua sepetu nikamjazia karai. Hakunishukuru, na sioni kwa nini angenishukuru. Wale wengine walimaliza kusafisha mtaro saa tano wakaenda kula kwa Loise. Juu ya paa la Kasyoka taa ndogo ya kijani ya sanduku ilikuwa inawaka, maana hajawahi kuizima. Kopo la majani ya chai liko dirishani pake, tupu, na filimbi alikoiweka hajamwambia mtu.