Unywele kwenye Daftari la Meya

Saa kumi na moja alfajiri, Maryvonne Le Goaziou anapiga deki ofisi ya meya, katika mji mdogo wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Anatazama mlangoni mara mbili, kisha analiinamia daftari la malalamiko mezani.

Unywele wa mvi alioubandika kwa sabuni, kutoka jalada hadi jalada, haujakatika. Loo!

"Niliubandika mwenyewe watu walipomaliza kuandika," anasema mama huyu wa miaka hamsini na sita. "Wiki ya tano hii. Halijafunguliwa hata mara moja!"

Katibu wa meya, alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho: "Maoni yote yameshachambuliwa." Yamechambuliwa na nani, na kwa macho gani?

Dizeli ilipopanda bei, wakazi walivaa vizibao vya njano, vazi la waandamanaji nchi nzima, wakaziba kipilefti cha kuingilia mjini kwa wiki sita, wakikesha kwa moto wa mbao. Mabasi yalishaondolewa zamani. Maryvonne hupata yuro mia tisa na hamsini kwa mwezi, na kutoka kwake hadi kazini ni kilomita thelathini. Huko ufukweni husafisha pia nyumba mbili za matajiri wa Paris, zinazopashwa joto hata zikiwa tupu.

Meya aliwasihi waondoke, waandike shida zao kwenye daftari hilo. Maryvonne ndiye aliyewabembeleza wenzake wakubali. Wiki ileile akaongezewa saa za kazi ofisini kwa meya.

"Nilishangilia kama mjinga," anasema. "Leo najiuliza, nilikuwa nanunuliwa?"

Si yeye peke yake anayejiuliza. Yannig Quéré, dereva wa lori la maziwa, hamung'unyi maneno.

"Dada, wewe ndiye uliyetuambia tuzime moto. Tusubiri mpaka tuote mizizi? Au wewe mwenzetu umeshashiba?"

"Nishibe nini, Yannig? Mama yangu analala na koti kwa baridi!"

Maneno hayo yalimchoma, na hafichi. Jumamosi, siku ya gulio, amepanga kulibeba daftari hadi sokoni na kulisoma lote kwa sauti, akianzia na aliloandika yeye: "Naosha mabafu matano yenye joto, yasiyoogwa na mtu."

Kazi je?

"Watanifukuza, najua. Lakini meya atasikia mbele za watu, asije akasema hakuletewa." Anakamua tambara la deki. "Akinyamaza tena, mbao za moto nitazibeba mimi."