Mchicha wa Maji ya Ziwa

Masalu alirudi Mkolani mwezi wa tano mwaka wa tisini na nne, siku ambazo redio haikuwa na habari nyingine ila vita vya Rwanda. Alikuwa ametoka kuvua upande wa Kagera. Mkewe, Getruda, alipompokea mzigo alishangaa ulivyo mwepesi; hata samaki mmoja hamna. Masalu aliomba maji na sabuni, akanawa mikono. Kisha akanawa tena.

"Baba Hellen, kuna nini?"

"Mto Kagera umetuletea maiti za Rwanda ziwani," alisema. "Samaki wasiingie nyumba hii."

Sokoni nako watu walianza kuwakwepa samaki, na nyama ikawa ya wenye nacho. Ndipo mama mkwe wake, Kashindye, alipomkumbusha miaka ya vita vya Kagera, unga na sukari vilipokuwa vikigawiwa kwa mgao kupitia balozi wa nyumba kumi.

"Uani ndiko kulikotuponya, mkwe wangu. Lima hapo hapo."

Walikuwa na kuku wachache, sungura wawili na tuta la mchicha. Getruda akaongeza matuta hadi yakagusa majabali ya nyuma ya nyumba, sungura akawalisha majani yaliyokomaa. Yai likiokotwa leo ni la Hellen, la kesho la mdogo wake. Kuku hachinjwi hovyo. Chakula kilikuwa haba, ila walijua kimetoka wapi, na moyo wake ukatulia kidogo.

Kiangazi kikakausha kisima. Getruda akaanza kuteremka ziwani alfajiri, anachota ndoo, anamwagilia kabla Masalu hajaamka. Alijifariji kwamba udongo huchuja maji. Hata hivyo, kila alipochuma mchicha vidole vilisita, kana kwamba jani lingemng'ata.

Asubuhi moja Hellen aliamka anatetemeka. Alitapika uji, akatapika na maji. Ni mimi, Getruda alijiambia, nimemlisha mwanangu wafu. Alimkabidhi mtoto kwa bibi yake, akakimbilia uani, akang'oa mchicha wote hadi mzizi wa mwisho. Sungura nao walikuwa wameula. Akawachinja wote wawili, akawafukia bila kuonja hata kipande. Ndipo alipombeba Hellen mgongoni kwenda zahanati, akilia njia nzima.

Mganga alimpima mtoto damu. "Malaria, mama. Mpe dawa hizi, atapona."

"Siyo maji?"

"Maji gani?"

Getruda akazifunga dawa kwenye pindo la khanga.

Aliporudi alimkuta Kashindye amesimama kati ya matuta matupu. Ikabidi aseme yote.

"Nilijua," alisema mama mkwe. "Ulikuwa unarudi na tope la ziwani miguuni."

"Na bado ulikuwa unakula, mama?"

"Nilikula nikiogopa. Lakini njaa naijua zaidi, ilinizikisha watoto."

Wakaomba mashina ya matembele kwa jirani, wakapanda upya. Maji yalikuwa yale yale ya ziwa, mengine hayakuwepo. Safari hii Getruda alimweleza mumewe. Masalu akasema tu, "Mimi sitakula." Na kweli, hadi mvua zilipoanza alikula ugali kwa chumvi.

Siku matembele ya kwanza yalipoiva, Hellen alikuwa amepata nguvu na njaa ya mtu aliyetoka kuugua. Getruda alionja wa kwanza, akameza. Kisha akawapakulia watoto. Walikula wakaramba vidole, wakakimbilia nje. Yeye akabaki mlangoni ametega sikio, akisubiri kilio au sauti ya mtu anayetapika. Nje watoto walikuwa wakicheka, na kila kicheko kilipokatika ghafla, alichungulia.