Nilipoambiwa Nichague Vibarua

Mwaka wa tatu chuoni, sisi wanafunzi wa biashara hatukuwa na mazungumzo mengine ila atachimenti. Asiyepata mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi hafuzu, na ofisi za mjini hazikuwa zikijibu. Nilizunguka mji mzima na barua zangu za maombi mpaka soli za viatu zikaachia. Walinzi walizipokea kwa upole, wakaziweka kando ya kikombe cha chai, na mambo yakaishia hapo.

Aliyenipatia mwishowe ni baba. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni Changamwe, akienda kwa miguu kutoka kwetu Jomvu, na huko alisikia kwamba ofisi ya wafanyakazi inataka mwanafunzi. Siku niliyokubaliwa mama alipika wali wa nazi. Baba alipomaliza kula akaniita uani.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Pale kiwandani usinijue. Ukinikuta, pita tu."

"Kwa nini, baba?"

"Wewe u mtu wa ofisini, mimi nabeba. Wakijua, watakudharau."

Tukaishi hivyo. Asubuhi tulitoka pamoja, tukikaribia kiwanda yeye akatangulia. Mara nyingine nilimwona ameinama chini ya katoni, fulana imemganda mgongoni, nami nimekumbatia faili, nikapita. Jioni aliniuliza, "Leo wamekufundisha nini?" kana kwamba hatukuonana kutwa nzima.

Mkuu wangu, mama wa makamo kutoka bara, hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kwa moyo. Asubuhi moja akaniambia nimfuate getini. Vibarua hukusanyika hapo kila siku, mnyapara akateua wanaohitajika, waliobaki wakarudi makwao. Siku hiyo kazi ilikuwa haba.

"Leo utachagua wewe," mkuu akasema. "Haya huyapati darasani. Mtazame mtu, pima nguvu zake, amua."

Wanaume wote wakanigeukia. "Dada, mimi hapa! Madam, nione!" Baba alikuwa amesimama nyuma, macho chini. Ndipo nilipoona kwamba pale hapakuwa na mzee kuliko yeye. Nyumbani sikuwahi kumtazama hivyo. Alikuwa baba tu.

Mnyapara akaninong'oneza, "Wazee waache. Chukua vijana."

Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Siwezi. Baba yangu yumo humu."

Makelele yakakatika. Mkuu akauliza, "Yupi?" Macho yangu yalikwisha kumwonyesha. Baba akageuka, akapenya katikati ya wenzake, akashika njia.

Mkuu alinirudisha ofisini, akanipa maji. "Ungeniambia mapema," akasema. "Kesho aje, tumtafutie kazi nyepesi."

Nilirudi nyumbani na habari hiyo nikidhani ni njema. Baba alikuwa ameketi barazani, hata viatu hajavua.

"Nilikuomba jambo moja tu," akasema.

"Ningefanyaje, baba?"

"Ungechagua. Ungeniacha mimi, ukawachukua wengine. Ningejua umejifunza kazi."

Hakurudi tena kiwandani, hata nilipomweleza habari ya kazi nyepesi. Alijaribu kwenye mageti mengine ya Changamwe, akachoka, akaenda Kaloleni kulima shamba aliloachiwa na babu. Mama alibaki nami Jomvu, na jina la baba likawa halitajwi sana mezani. Mimi nilimaliza mafunzo. Mhadhiri aliyekuja kunikagua alisimuliwa na mkuu sifa zangu mpaka nikaona haya, na nikafuzu vizuri.

Baada ya mahafali, kiwanda kikaniita kazini, ofisi ileile. Sikuweza kujibu kabla ya kumwona baba. Nilimkuta akipalilia mihogo, amekonda, ila mgongo umenyooka kidogo. Nikamwamkia, nikamweleza. Alisikiliza huku akikwangua udongo kwenye jembe.

"Nenda," akasema. "Sasa pale huna wako."

Nilianza kazi mwezi uliofuata. Siku nyingine mimi ndiye ninayesimama getini. Wazee wengine nawachukua, wengine nawaacha, na ninayemwacha simtazami akiondoka.